Mbona kwangu inakubali?

Ujumbe uliingia WhatsApp saa tano kasoro usiku: "Kaka, mbona kwangu inakubali?" Chini yake picha ya skrini. Ubuntu yake (aina mojawapo ya Linux), terminali nyeusi, amri ya `make`, ile inayojenga programu kutoka kwenye msimbo wake, mistari minne, kisha kimya. Kweli ilikuwa imekubali.

Kwangu ilikuwa imegoma, tena bila adabu. Makosa yalishuka kama mvua ya masika mpaka kompaila yenyewe, ile inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, ikachoka na kuandika `too many errors emitted, stopping now`. Clang, ndilo jina la kompaila hiyo, ndivyo ilivyo, ikifikisha makosa ishirini inakunja mkeka. Nilikuwa mezani, mihogo imepoa pembeni, na kesho yake asubuhi nilitakiwa niseme kwenye simu kwamba mashine ya ghalani iko tayari.

Nieleze kidogo hiyo mashine. Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi ilikuwa inahudumia ghala moja la korosho kule Mtwara. Mkulima analeta magunia, gunia linapanda mizani ya kielektroniki, uzito unapita kwenye waya wa USB hadi kwenye kompyuta ndogo iliyofungwa ukutani, programu inausoma, inautuma kwenye seva na kuchapa risiti. Programu aliiandika huyo aliyenitumia ujumbe, kijana mmoja wa ofisini kwetu, kwa lugha ya C, juu ya Ubuntu. Kompyuta ya ukutani ilikuwa na FreeBSD 14, mfumo endeshi mwingine, kwa sababu aliyenitangulia kwenye ile kazi aliipenda, na mimi sikuona sababu ya kuing'oa. Umeme ukikatika na kurudi, yenyewe inaamka kama hakuna kilichotokea.

Linux na FreeBSD zote ni ukoo wa Unix. `ls` ni `ls`, `cd` ni `cd`, na huko kufanana ndiko kunakoponza. Ukihamia Windows unajua umehama. Ukitoka Linux kwenda FreeBSD unajiona umeingia chumba cha pili cha nyumba ileile, unapapasa ukutani gizani kutafuta swichi ya taa pale ilipo siku zote, na haipo.

Kabla ya ile mvua kulikuwa na manyunyu. Nilipoandika `make` kwa mara ya kwanza haikufika hata kwenye C, ilikwama kwenye Makefile yenyewe, faili la maelekezo ya kujenga, mstari wenye `ifeq`. Jina ni moja lakini programu ni mbili: `make` ya Linux ni ya GNU, na ya FreeBSD ni ya BSD, tawi la Unix ilikotoka FreeBSD. Ile inaandika masharti kwa `ifeq`, hii kwa `.if`, na kwa miaka mingi jibu la make ya BSD mbele ya mstari usioujua lilikuwa `Need an operator`, maneno ambayo hayajawahi kumsaidia mtu yeyote. Dawa yake ni nyepesi: sakinisha `gmake`, uitumie hiyo. Sikujisumbua kuandika Makefile upya na sikushauri ujisumbue.

`gmake` ikajibu kwamba hakuna cha kufanya, kila kitu kimeshatengenezwa. Nikafurahi, nikaiendesha programu: `Exec format error`. Kijana alikuwa amefunga folda nzima kwenye tar pamoja na faili za `.o` (vipande vilivyokwisha kukompailiwa) na programu iliyokwisha kuiva huko Ubuntu. Mimi nilikuwa najaribu kuendesha programu ya Linux kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, isiyo yake. `gmake clean`, tuanze upya.

Halafu kuna skripti ya kusanidi, `sanidi.sh`. Naiendesha, sheli inasema `not found`. Sheli hii siyo ya mafuta, naomba tuelewane, ni ile inayopokea amri. Faili naliona kwa macho, `ls` inalionyesha, lina ruhusa zote, sheli inasema halipo. Mtu anaweza kukesha hapa. Kisichopatikana siyo skripti, ni kile kilichotajwa kwenye mstari wake wa kwanza: `#!/bin/bash`. FreeBSD haiji na bash, sheli iliyozoeleka kwenye Linux. Ukiisakinisha inakaa `/usr/local/bin/bash`. Kwenye pkgsrc, mkusanyiko wa programu wa NetBSD ambayo ni ndugu yake, utaikuta `/usr/pkg/bin/bash`. Ukiandika `#!/usr/bin/env bash` unaiachia mashine iitafute yenyewe, na huo mstari mmoja ungeokoa usingizi wa watu wengi.

Bash ikapatikana, skripti ikaenda hatua mbili, ikaanguka hivi:

```
sed: 1: "mizani.conf": invalid command code m
```

Nikakaa nikajiuliza hiyo `m` ni ya nini. Nimetafuta `m` kwenye skripti nzima. Ilikuwa m ya mizani. `sed` ni amri ya kubadilisha maandishi, na `-i` inaiambia ibadilishe ndani ya faili lenyewe. Kijana aliandika `sed -i 's/.../.../' mizani.conf`, kama tunavyoandika wote kwenye Linux. Kwa `sed` ya FreeBSD, na ya macOS pia, `-i` lazima ifuatwe na kiambishi cha nakala ya akiba, hata kama ni kitupu. Kwa hiyo ikachukua lile agizo la kubadilisha ikalifanya kiambishi, kisha ikachukua jina la faili ikalisoma kama agizo. Agizo linaloanza na m halipo kwenye `sed`. Siku hizi siandiki `sed -i` kabisa kwenye skripti itakayosafiri. Naandika matokeo kwenye faili jipya, kisha `mv`.

Hayo ndiyo manyunyu. Sasa mvua.

Watu wakinitumia kosa, karibu wote wananitumia mstari wa mwisho. Nawaelewa, ndio ulio mbele ya macho. Lakini mstari wa mwisho wa `make` unasema tu kwamba jambo fulani limeshindikana, na la kumi na tisa kati ya makosa ishirini mara nyingi ni mtoto wa la kwanza. Nilichofanya usiku ule ni ninachofanya kila mara. Nikaondoa `-j`, maana kompaila nne zikipiga kelele kwa pamoja hujui nani kaanza, nikaandika `gmake 2>&1 | tee jenga.log`, nikafungua faili na kushuka kutoka juu mpaka nilipokutana na neno `error` kwa mara ya kwanza:

```
mtandao.c:41:24: error: variable has incomplete type 'struct sockaddr_in'
```

Hii nakaa nayo kidogo, maana ndani yake mna habari nzima ya kuhamisha programu.

`struct sockaddr_in` ni anwani ya mtandao: namba ya IP na bandari. Maelezo yake yako kwenye faili ya heda (faili la matangazo ambalo msimbo unaliita kwa `#include`) inayoitwa `netinet/in.h`. Kijana hakuiita heda hiyo. Aliita `sys/socket.h`, `arpa/inet.h` na `netdb.h`, akakompaili, ikakubali. Ilikubali kwa sababu kwenye Linux ya kawaida, ile yenye maktaba ya C iitwayo glibc, `arpa/inet.h` yenyewe inaiita `netinet/in.h` kimyakimya. Ni sawa na kutuma mtoto dukani akanunue chumvi, akarudi na kiberiti juu yake kwa sababu anajua jikoni kiberiti kimeisha. Baada ya mwezi unasahau kwamba hukuwahi kumwagiza kiberiti. Siku unatuma mtoto wa jirani, analeta chumvi tu, na huwezi kumlaumu.

Nani ana kosa? Kiwango cha POSIX, kinachosema mifumo ya ukoo wa Unix ifanane wapi, na ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 1988, kinaruhusu `arpa/inet.h` ilete vilivyomo ndani ya `netinet/in.h`. Kinaruhusu, hakilazimishi. Linux imetumia ruhusa, FreeBSD haikuitumia, na zote mbili ziko sahihi. Aliyeacha mstari ni mwandishi wa programu, ila kwake hakuna kitu ambacho kingemwonyesha. Kinachonichekesha ni kwamba soketi zenyewe, yaani njia ya programu kuongea mtandaoni, zilizaliwa chuo kikuu cha Berkeley, zikatoka na 4.2BSD, Unix ya chuo hicho, mwaka 1983. Hiyo FreeBSD iliyoikataa programu ya kijana ni mjukuu halali wa mfumo ulioiletea dunia `sockaddr_in`.

Nikaongeza mstari mmoja, `#include <netinet/in.h>`. Makosa yote ya faili ile yakafutika.

Faili lililofuata, `seriali.c`, lilianza na `'linux/serial.h' file not found`. Heda yenye neno linux kwenye jina lake, hilo halihitaji mganga. Nikatafuta ndani ya faili ni nini kinachotumika kutoka humo. Hakuna hata kimoja. Aliinakili kutoka kwenye mfano fulani, ikabaki. Nikaiondoa, yakajitokeza mawili yaliyokuwa yamejificha nyuma yake:

```
error: use of undeclared identifier 'CRTSCTS'
error: call to undeclared function 'cfmakeraw'
```

Hapa nilikaribia kukosea. Vitu hivi viwili FreeBSD inavyo, na viko `termios.h`, ambayo kijana ameiita vizuri. Nilifungua `/usr/include/termios.h` na heda zinazoitwa humo, nikaviona. Mwenyeji yupo ndani, lakini mlango umefungwa. Ukifika hapo kishawishi ni kujitangazia ile funksheni wewe mwenyewe juu ya faili, kosa likaisha, ukalale. Nimeona viraka vya namna hiyo kwenye programu za watu wazima. Usifanye. Ukikosea aina ya hoja moja tu, kompaila haitakuambia tena, kwa sababu umeshaiambia unajua unachofanya.

Aliyefunga mlango alikuwa mistari miwili ya juu kabisa ya faili: `#define _GNU_SOURCE` na `#define _XOPEN_SOURCE 600`. Wa pili maana yake ni kwamba mimi nataka vya kwenye kiwango tu, vya ziada nifichieni. FreeBSD ikatii, ikaficha vya ziada vyote, vikiwemo hivyo viwili vya asili ya BSD. Kwenye Linux wa kwanza unafungua kila kitu, kwa hiyo wa pili haukuwahi kuonekana unafanya kazi gani. Dawa ilikuwa kufuta `_XOPEN_SOURCE`. Katika kuhamisha programu, mara nyingi kiraka kizuri ni kile kinachopunguza mistari.

Saa saba na nusu usiku ikakubali. Jina la kifaa nikalibadilisha kwenye faili ya mipangilio, maana waya wa USB ambao Linux inauita `/dev/ttyUSB0` FreeBSD inauita `/dev/cuaU0`. Asubuhi nikasema kwenye simu kwamba iko tayari.

Kijana nikampigia baadaye. "Mdogo wangu, kwako inakubali kwa sababu kwako kila mtu anakusaidia." Akacheka, akasema kaka tungeweka tu kwenye kontena, lile boksi linalobeba programu pamoja na kila inachokihitaji. Hili naulizwa sana. Kontena la Linux linataka kerneli ya Linux, na pale ukutani haipo. Hata ukibaki kwenye Linux, ukichukua kontena la Alpine, Linux nyingine, kwa sababu ni dogo, unakuta maktaba ya C siyo glibc, ni musl, na mvua inaanza upande mwingine: `execinfo.h` haipo, `fts.h` haipo, na programu yenye nyuzi nyingi (kazi zinazoenda sambamba) iliyokompaili vizuri inaweza kuanguka ikiwa inatembea, kwa sababu musl inaupa kila uzi stakabadhi, samahani, staki, yaani nafasi yake ya kumbukumbu, ya KB 128 wakati glibc kwa kawaida inatoa MB 8. Kontena ni nyumba ya kupanga, na nyumba ya kupanga nayo ina swichi zake.

Kuna jambo ambalo ningelifanya mapema kama isingekuwa programu yetu ya ndani. Kabla hujahangaika na programu inayojulikana, angalia kama kuna aliyekwisha kuhangaika. FreeBSD ina mti wa ports, mkusanyiko wa maelekezo ya kujenga programu za wengine juu yake, tangu 1994. NetBSD ikauchukua mti huo ikajenga pkgsrc yake, iliyoanza 1997 na leo inakompaili kwenye mifumo mingi ya ukoo huu, macOS na Linux zikiwemo. Ndani ya vifurushi vingi (siyo vifurushi vya bando) kuna folda ya viraka. Hizo folda ni shule. Unafungua kiraka cha mistari minne, unaona mtu mwingine, miaka kumi iliyopita, amegongana na `sockaddr_in` ileile. pkgsrc ina hata ukaguzi maalumu wa skripti zinazotumia `==` ndani ya `test`, kwa sababu bash inaikubali na sheli nyingine zinaitupa nje. Na hili si la BSD peke yake: Ubuntu ilipoifanya dash, sheli nyingine nyepesi, kuwa `/bin/sh` yake mwaka 2006, Debian ikafuata 2011, skripti nyingi zilizodhani kila sheli ni bash zilianguka hapohapo nyumbani kwao.

Niruke mbele miezi miwili. Ghala la pili likafunguliwa, safari hii wakanunua Raspberry Pi yenye Linux. Nikasema hii ni rahisi, Linux kwenda Linux. Ikakompaili bila kosa. Nikaiwasha jioni. Asubuhi kadi ya kumbukumbu ilikuwa imejaa, GB 32, zote logi, yaani taarifa ambazo programu inajiandikia. Kwenye kusoma faili ya mipangilio kulikuwa na hii:

```
char c;
while ((c = fgetc(f)) != EOF)
```

`EOF`, alama ya mwisho wa faili, ni hasi moja. Kwenye kompyuta za kawaida za Intel `char` ina hasi na chanya, kwa hiyo kitanzi kinaisha. Kwenye Linux ya ARM `char` haina hasi. Hasi moja ikiingia humo inageuka 255, na 255 haitalingana na hasi moja mpaka kiama. Kompaila ilikuwa tayari kuniambia. Ukiiwekea `-Wextra`, GCC, kompaila ya kule Linux, inasema `comparison is always true due to limited range of data type`. Sikuwa nimeiwekea. Badilisha `char` iwe `int`, kwisha. Wengine wanaweka `-fsigned-char` na kuendelea na safari. Ni plasta juu ya mwiba.

Hilo nalo angalau lilipiga kelele, hata kama ni kelele ya kujaza kadi. Sasa nirudi Mtwara, kwenye lile ambalo halikupiga kelele.

Wiki mbili baada ya ule usiku nilipigiwa simu na karani wa ghala, mama mmoja mtu mzima ambaye tangu zamani anaandika kila gunia kwenye daftari kwa mkono. Tulipoleta mashine aliambiwa aache, hakuacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii karatasi yako na mizani haviongei lugha moja."

Nikamwuliza kwa vipi. Akanisomea. Mizani inasema themanini nukta sifuri hamsini. Risiti inasema themanini nukta hamsini. "Nimeandika matatu ya leo. Mengine yako sawa, haya matatu hayako sawa."

80.050 na 80.50. Gramu 450 za hewa kwenye kila gunia la namna hiyo, na korosho inalipwa kwa kilo.

Kijana akakompaili kwake, akaingiza 80.050, ikachapa 80.050. Lile swali lake sikulijibu. Nikatazama msimbo, uchapaji ulikuwa `%.3f`, yaani desimali tatu, hakuna dhambi pale. Mizani ile inapima kwa hatua za gramu 50, kwa hiyo ndani ya kilo moja kuna nafasi ishirini, na katika ishirini hizo ni moja tu, ile ya .050, inayobadilika thamani ukidondosha sifuri ya mbele. .100 inabaki .100. .000 inakuwa .0, na hapo kumbukumbu ikanirudia ikanichoma. Siku ya majaribio niliweka jiwe la kilo 20 juu ya mizani na risiti ikaandika `20.0`. Niliiona kwa macho yangu. Ilitakiwa iwe `20.000`. Nikasema vizuri, ishirini, nikatia sahihi.

Kitu kinachodondosha sifuri za mbele kwenye desimali ni `snprintf`, funksheni ya kugeuza namba kuwa maandishi, iliyoandikwa na mtu kwa mkono. Programu yetu ilikuwa inatumia maktaba moja ndogo ya kuchapia risiti, ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, inayokuja na skripti ya `configure`. Ule usiku maktaba hii ndiyo pekee iliyopita bila neno hata moja. Niliishukuru.

`configure` kazi yake ni kuuliza mashine maswali. Inaandika programu fupi ya C, inajaribu kuikompaili, ikikubali inaandika `yes`, ikigoma inaandika `no`, inaenda swali linalofuata. Ni utamaduni wa zamani. Skripti ya Larry Wall ya kusanidi Perl, lugha aliyoitunga, ilikuwa inakupongeza, `Congratulations. You aren't running Eunice`, ikishajua kwamba hauko juu ya mwigo fulani wa Unix uliokuwa ukiendeshwa kwenye VMS, mfumo endeshi mwingine. Maktaba yetu iliuliza kama `snprintf` ya mashine inafuata kiwango cha C cha 1999. Lilikuwa swali halali wakati huo, maana glibc za kwanza kwanza zilikuwa zinarudisha hasi moja nafasi ikiwa haitoshi, badala ya urefu uliohitajika. Jibu likiwa `no`, maktaba inatumia `snprintf` yake yenyewe.

Nikachukua `config.h`, faili ambamo `configure` inaandika majibu yake, ya kwa kijana na `config.h` ya Mtwara, nikazipitisha kwenye `diff`. Mistari michache tu ilitofautiana, mmoja wao huu:

```
< #define HAVE_C99_SNPRINTF 1
> /* #undef HAVE_C99_SNPRINTF */
```

FreeBSD haina `snprintf` ya kiwango? Haiwezekani. Nikafungua `config.log`, faili ambalo `configure` inaliandika kila mara na hakuna anayelisoma mpaka yamkute, nikatafuta lile swali. Chini yake:

```
conftest.c:11:1: error: type specifier missing, defaults to 'int';
ISO C99 and later do not support implicit int
```

Mwandishi wa maktaba aliandika programu yake ya kuuliza kwa mtindo wa wazee, `main()` bila `int` mbele yake, na `exit` bila kuita `stdlib.h`. Kwa miaka ishirini kompaila zilinung'unika na kuendelea. Clang 16, ya 2023, ikaacha kunung'unika na kuanza kukataa, na FreeBSD 14 ilikuja na Clang 16. GCC 14 ilifanya hivyohivyo mwaka uliofuata. Kwa hiyo swali la `snprintf` halikuwahi kuulizwa. Aliyetumwa kuuliza alizuiwa getini kwa sababu ya mavazi, na `configure`, ambayo haijui tofauti ya jibu la hapana na mjumbe aliyeshindwa kufika, ikaandika `no`. Ubuntu ya kijana ilikuwa na GCC ya zamani kidogo. Mjumbe wake aliingia.

Watu wa Fedora na Gentoo, Linux nyingine mbili, walipitia maelfu ya vifurushi kuwinda hasa jambo hili, kabla kompaila mpya hazijawafikia watumiaji wao. Sisi tulikuwa na kifurushi kimoja na hatukukiwinda.

Nilirekebisha `configure.ac`, nikaweka `int` na heda zinazotakiwa, nikaendesha `autoreconf -fi` kuitengeneza upya `configure`, nikakompaili. `yes`. Nikaweka jiwe la kilo 20, na mama akanisomea kwa simu: ishirini nukta sifuri sifuri sifuri.

Kazi iliyobaki haikuwa ya kompyuta. Risiti za wiki mbili zilipitiwa moja moja, na hatukuwa na cha kuzilinganisha nacho zaidi ya lile daftari, kwa sababu seva nayo ilikuwa imepokea namba zilezile mbovu. Zilituchukua siku tatu. Mama alikuwa anasoma kwa sauti, mimi natia alama, na kila tukikutana na .50 anauliza, "Hii ni hamsini ya kweli au ya kwako?"

Skripti yangu ya kujenga sasa inahifadhi `config.h` ya kila mashine, ikiona tofauti na ya safari iliyopita inasimama. Inapima pia namba chache zenye sifuri katikati kabla ya kusakinisha chochote. Na kila nikikompaili upya, hata kama nimebadilisha mstari mmoja, nampigia mama anitumie picha ya ukurasa wa siku hiyo. Juzi alinijibu kwamba ukurasa umeloa chai, nisubiri ukauke.